Kukipima kitabu cha hali ya uchumi: mwongozo kwa msomaji wa Unguja na Pemba

Taarifa ya mwaka ya hali ya uchumi ikitoka, wengi wetu huipata kwa sentensi moja ya redioni: uchumi umekua kwa asilimia kadhaa. Mwenye kufurahi hufurahi, mwenye kuguna huguna, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli yake. Kitabu chenyewe, pamoja na majedwali yake ya karafuu, mwani, samaki, watalii, umeme, wanafunzi na bei za vyakula, hubaki hakijafunguliwa.

Mimi nilikifungua, nikakitumia vibaya. Miaka kadhaa nyuma akina mama wa ushirika wa mwani katika shehia yetu, upande wa Micheweni, waliniomba niwaandikie maombi ya mkopo wa kamba na vigingi. Nikatafuta jedwali la mwani, nikaona tani zimepanda, nikaandika kwa wino mzito: "soko linakua". Mkopo ukatoka. Msimu ule mnunuzi alikuja na bei ya chini kuliko ya mwaka uliotangulia, na mama mkubwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshika fedha, akauza mbuzi wake wawili kukamilisha marejesho. Jedwali la thamani ya mwani lilikuwa nyuma ya ukurasa ule ule niliounakili. Sikuugeuza.

Kitabu hakikunidanganya. Nilikisoma nusu. Tangu hapo kila kinapotoka kipya nakipitisha kwenye hatua hizi, na ninaziandika hapa kwa sheha, mwalimu, katibu wa ushirika, mwenye duka, kijana anayetaka kufungua nyumba ya wageni, na yeyote anayeombwa aamini tarakimu kabla hajatoa fedha yake mfukoni.

Hatua ya 1: Njoo na swali lako

Usianze ukurasa wa kwanza. Kabla hujakifungua, andika kwenye karatasi jambo unalotaka kuliamua. "Ninunue friza la samaki pale Tumbe au nisubiri?" "Tupande mikarafuu mipya au mihogo?" "Shehia yetu iombe kituo cha afya au madarasa?" Kitabu kina faida kwako kwa kadiri kinavyokusogeza karibu na jibu la swali hilo. Aliyekuja bila swali hubebwa na tarakimu kama gogo kwenye mkondo: kila namba humvutia, na hakuna hata moja anayoifanyia kazi.

Hatua ya 2: Soma kichwa cha jedwali mpaka mwisho

Takwimu za Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ambayo ni chombo cha Serikali ya Mapinduzi. Bara wana Ofisi yao ya Taifa ya Takwimu, na kitabu chao cha Hali ya Uchumi wa Taifa kina majedwali mengi yanayoihusu Tanzania Bara peke yake. Nimeshaona watu wazima wakibishana barazani usiku kucha, mmoja ana tarakimu ya Bara, mwingine ana ya Zanzibar, na wote wawili wanasema "uchumi wetu". Kwa hiyo kwanza: Zanzibar, Tanzania Bara, au Jamhuri ya Muungano?

Pili, mwaka gani? Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa, hupimwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Disemba. Bajeti ya Serikali ina mwaka wake wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Ukichukua makusanyo ya kodi ya 2022/2023 ukayagawa kwa pato la 2022 unapata namba, lakini miezi yake haikulingana.

Tatu, kipimo. Tani au kilo, shilingi milioni au bilioni, dola au shilingi. Hili linaonekana dogo mpaka mtu aandike barua rasmi yenye sifuri tatu za ziada.

Na usiiruke tanbihi, yale maandishi madogo chini ya jedwali. Humo ndimo mtakwimu anapokwambia kwamba tarakimu ya mwaka wa mwisho ni ya awali. Tarakimu ya awali hubadilishwa mwaka unaofuata, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, baada ya taarifa zaidi kufika. Hakuna ubaya katika hilo, ni kazi inavyokwenda. Nafanya hivi: nachukua kitabu cha mwaka huu na cha mwaka jana, nafungua jedwali lile lile, natazama mwaka unaopatikana kwenye vyote viwili. Kama tarakimu imebadilika kidogo, natulia. Imebadilika sana bila maelezo, naiwekea alama ya kuuliza na siitumii katika maombi ya fedha za watu.

Hatua ya 3: Lijaribu kwa kitu unachokijua kuliko kitabu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini zaidi. Chagua kitu kimoja ambacho mikono yako inakijua. Mvuvi wa dagaa achukue dagaa, muuguzi achukue wagonjwa wa kituo chake. Sisi wa Pemba tuna karafuu.

Aliyekulia kwenye mikarafuu anajua kwamba mti hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi yanainama, wachumaji hawatoshi, majamvi yanatandazwa hadi ukingoni mwa barabara ya lami. Mwaka unaofuata unachuma za kununulia sukari. Sasa tazama jedwali. Ukiona ununuzi umeongezeka maradufu, au umeanguka nusu kwa nusu, usikimbilie kusifu wala kulaumu wizara. Anayelinganisha mwaka wa neema na mwaka wa mti kupumzika anapima tabia ya mkarafuu, na sera hajaigusa bado. Chukua miaka mitano, jumlisha, gawa kwa tano. Chukua mitano iliyoitangulia, fanya vivyo hivyo. Tofauti ya wastani hizo mbili ndiyo ya kuijadili.

Kisha uliza: jedwali limehesabu nini khasa? Kisheria karafuu za Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kwa hiyo tarakimu unayoiona kwa kawaida ni ya karafuu zilizopimwa kwenye vituo vya shirika. Zilizovushwa kwa magendo usiku hazimo. Zilizoanguka chini kwa kukosa wachumaji hazimo. Zilizomo ndani ya polo, chini ya kitanda cha mtu anayeziweka akiba ya harusi, hazimo bado. Zitaingia mwaka atakaoziuza, na zitahesabiwa kana kwamba ni za mwaka huo. Ndiyo maana mwaka ambao bei ya shirika inapanda na magendo yakapungua, jedwali linaweza kuonyesha "uzalishaji" umeongezeka na mikarafuu ikawa ni ile ile, wala hapana hata mche mmoja uliopandwa.

Ami yangu alikuwa na daftari la skuli, lile la mistari, lenye jalada lililoliwa na unyevu. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na kila jioni, kabla karafuu hazijakonyolewa na kumwagwa jamvini, yeye alikuwa akiketi juu ya kinu kilichopinduliwa na kuandika: jina la mchumaji, pishi ngapi, kalipwa au bado. Alipofariki daftari lilinifikia mimi. Nilijumlisha pishi za kila msimu, nikaziweka pembeni ya jedwali la karafuu. Shamba moja si kisiwa, na pishi za karafuu mbichi si tani za karafuu kavu, kwa hiyo sikutafuta namba zilingane. Nilitafuta mwendo tu: inapopanda hii, ile inapanda? Zilipanda na kushuka pamoja isipokuwa misimu miwili, na ni misimu hiyo miwili iliyonipeleka kwa wazee kuuliza. Mmoja, karafuu nyingi zilivushwa. Wa pili, mvua zilinyesha wakati wa kuanika na sehemu kubwa ikashuka daraja au ikaharibika kabisa. Kitabu kilikuwa sahihi kwa kile kilichokihesabu. Daftari nalo lilikuwa sahihi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba yalikuwa yanahesabu vitu viwili tofauti.

Ukishafanya jaribio hili kwa kitu kimoja, unajua kiasi gani uwaamini waandishi wa kitabu kwenye vitu mia usivyovijua.

Hatua ya 4: Tani upande huu, shilingi upande ule

Kosa langu la mwani linatibika kwa hesabu ya darasa la sita. Kila unapoona tani, tafuta thamani. Gawa thamani kwa kilo. Namba inayotoka ni bei ya wastani.

Mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Tuseme mwaka wa kwanza mwani ni tani 10,000 na thamani yake shilingi bilioni 7. Tani 10,000 ni kilo milioni 10, kwa hiyo kilo moja ni shilingi 700. Mwaka wa pili tani ni 12,000, thamani bilioni 7.2. Kilo moja imekuwa shilingi 600. Mwenye kutangaza habari atasema mwani umeongezeka kwa asilimia 20, na hajasema uongo. Mama aliyefunga kamba zaidi, akainama majini bamvu baada ya bamvu, yaani kila maji makubwa yanapokupwa, ameongeza kazi kwa moja ya tano na mapato ya kisiwa kizima hayakuongezeka hata kwa asilimia tatu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina inayostawi kwa wepesi, spinosum, ndiyo yenye bei ndogo. Ile ya bei kubwa, cottonii, hufa maji yanapopata joto. Kwa hiyo jedwali linalochanganya aina zote mbili katika safu moja linakuficha jambo kubwa: tani zinaweza kubaki pale pale huku mwani wenye thamani ukitoweka.

Uliza pia thamani hiyo ni bei ya wapi. Bei ya ufukweni anayolipwa mkulima na bei ya bandarini anayouzia msafirishaji ni vitu viwili mbalimbali. Jedwali la biashara ya nje kwa kawaida huchukua ya bandarini. Ukiiandika hiyo kwenye mpango wa ushirika umejiandikia hasara.

Jambo jingine la bei. Karafuu ya daraja la kwanza ilisimama kwenye shilingi 14,000 kwa kilo kwa miaka kadhaa mfululizo. Bei kusimama ilimlinda mkulima asianguke, nakubali. Lakini mchele na mafuta havikusimama naye. Ndiyo sababu kitabu kina namna mbili za kuandika Pato la Taifa: kwa bei za mwaka husika, na kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kupimia miaka yote, ambao kwa Zanzibar ulihamishwa kutoka 2007 ukaja 2015. Ukitaka kujua kama tumezalisha zaidi, soma ya mwaka wa kizio. Ile ya bei za mwaka husika inaweza kuvimba kwa sababu tu ndoo ya dagaa imepanda bei. Na mwaka wa kizio ukibadilishwa, pato lote huandikwa upya. Usichukue namba ya kitabu cha zamani ukailinganisha na ya kitabu kipya. Tafuta kwenye kitabu kipya safu ya miaka ya nyuma iliyokwisha kurekebishwa.

Hatua ya 5: Gawa kwa watu

Sensa ya Watu na Makaazi ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Hiyo ni kasi ya asilimia 3.7 kwa mwaka. Iweke kichwani namba hiyo, kwa sababu uchumi ukikua chini yake, sungura aliyepikwa ameongezeka kidogo na walioketi mkekani wameongezeka zaidi.

Mwaka 2020 ukuaji uliotangazwa ulikuwa asilimia 1.3. Kwa mwaka wa korona, uliofunga anga na hoteli, kutokuanguka chini ya sifuri lilikuwa jambo la kushukuru, na sidharau kazi iliyofanyika. Hata hivyo fanya hesabu: 1.013 gawa kwa 1.037. Unapata takriban 0.977. Fungu la kila mtu lilipungua kwa zaidi ya asilimia mbili. Sentensi ya redioni na mfuko wa mtu zilikuwa zinasema mambo mawili, na yote mawili ni kweli.

Hapo hapo kuna jaribio la kuona kama kitabu kinajieleza. Watalii walipungua kwa zaidi ya nusu mwaka huo, na uchumi bado ukakua. Sekta gani zilibeba mzigo? Kitabu chenye manufaa kinakufungulia jedwali la sekta moja moja, ukaona ujenzi umefanya nini, kilimo kimefanya nini, hoteli zimeanguka kiasi gani, na kina aya ya maneno inayosema kwa nini. Kisichokuwa na hiyo kinakupa jibu bila njia ya kulipata, na mwalimu yeyote wa hesabu angelikata maksi.

Hatua ya 6: Asilimia za kupanda na kushuka

Idadi ya watalii wa kimataifa ilikuwa 538,264 mwaka 2019. Mwaka 2020 ikawa 260,644, yaani imeshuka kwa asilimia 51.6. Mwaka 2021 ikawa 394,185, yaani imepanda kwa asilimia 51.2.

Msikilizaji atasema: imeshuka 51, imepanda 51, tumerudi tulipokuwa. Hatukurudi. Watu 394,185 ni chini ya robo tatu ya wale wa 2019. Asilimia ya kushuka ilihesabiwa juu ya namba kubwa, ya kupanda ikahesabiwa juu ya namba ndogo. Tulirudi 2022, walipofika 548,503.

Kwa hiyo ukiona asilimia, tafuta namba yenyewe. Ukiona imepanda sana, tazama mwaka uliotangulia ulikuwa mbovu kiasi gani. Mwenye mpango wa nyumba ya wageni Jambiani aliyekopa kwa kuamini "ukuaji wa asilimia 51" alistahili kuambiwa hilo na mtu.

Na kwenye utalii vichwa havitoshi. Tafuta wastani wa siku za kukaa na wastani wa matumizi. Wageni mia wanaolala usiku nane wana faida nyingine kabisa kwa muuza samaki kuliko mia wanaolala mitatu.

Hatua ya 7: Mfumko wa bei, na mwezi wa Ramadhani

Kwanza neno lenyewe. Mfumko ni kasi ya bei kupanda. Mfumko ukipungua, bei hazijashuka. Kitu cha shilingi 10,000 kikipanda kwa asilimia 7 kinakuwa 10,700. Mwaka wa pili mfumko "umepungua" hadi asilimia 5, nacho kimekuwa 11,235. Mama anayelalamika sokoni Chake Chake na afisa anayesema mfumko umeshuka hawapingani, mmoja anasema bei na mwingine anasema kasi.

Pili, kikapu. Mfumko hupimwa kwa kikapu cha bidhaa na huduma, kila moja na uzito wake kulingana na matumizi ya kaya ya wastani. Kaya yako huenda si ya wastani. Familia inayomaliza sehemu kubwa ya kipato kwenye mchele, unga, mafuta na samaki isome mstari wa chakula peke yake, kwa sababu mstari wa jumla umepunguziwa makali na vitu ambavyo familia hiyo hainunui.

Tatu, na hili wageni wanaotuandikia ripoti hulisahau: Ramadhani. Ndizi mbichi, muhogo, majimbi, viazi vikuu, tungule, nazi na samaki hupanda bei mwezi huo, na kila mwaka mwezi huo huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja. Mwezi wa Machi 2023 ulikuwa na wiki moja tu ya Ramadhani, ile ya mwisho. Machi 2024 ulikuwa na siku kama ishirini. Machi 2025 karibu mwezi mzima ulikuwa wa mfungo. Na 2026 Ramadhani imekwisha kuingia Februari. Sasa mtu akilinganisha bei za Machi na Machi ya mwaka uliopita, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kupima mfumko, sehemu ya anachokipima ni mwezi mwandamo. Dawa yake ni nyepesi: tumia wastani wa miezi kumi na miwili, au jumlisha miezi mitatu ambayo ndani yake Ramadhani imo miaka yote miwili.

Nne, bei zimekusanywa masoko gani? Sukari iliyoshuka bandari ya Malindi ikauzwa Darajani haijapanda boti wala gari. Ile ile ikifika Makangale imelipia safari. Kama kitabu kinataja masoko, yasome majina yake utafute lililo karibu na kwako.

Hatua ya 8: Itafute Pemba

Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu 543,441, takriban 29 katika kila mia wa Zanzibar. Hoteli nyingi zipo Unguja, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Kiwengwa, Paje na Jambiani. Kwa hiyo wastani wa Zanzibar nzima kwenye mambo ya utalii, huduma na ajira za hoteli huelekea kuwa picha ya Unguja iliyobandikwa jina la visiwa vyote viwili.

Ninapopima manufaa ya kitabu nahesabu kwa kidole: majedwali mangapi yamegawanywa kwa mikoa mitano? Mangapi kwa wilaya kumi na moja? Ya elimu na afya mara nyingi hugawanywa, na hapo kitabu kinamsaidia sheha moja kwa moja. Anaweza kuonyesha wanafunzi kwa kila darasa katika wilaya yake pembeni ya wilaya jirani. Ya uzalishaji na mapato yasipogawanywa, mtu wa Micheweni hana cha kushika. Na mwenye Unguja asidhani hili halimhusu, maana Mjini na Kaskazini 'A' nazo hazifanani.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu fedha hufuata tarakimu. Mahali pasipokuwa na safu yake kwenye jedwali, ni rahisi pia pasiwe na fungu lake kwenye bajeti.

Hatua ya 9: Mambo mawili ya kupitia upesi

Umri wa tarakimu. Kuna namba ndani ya kitabu cha mwaka ambazo si za mwaka. Umasikini hupimwa kwa Utafiti wa Bajeti ya Kaya, na tafiti za karibuni zilifanywa 2009/10, 2014/15 na 2019/20. Umasikini wa mahitaji ya msingi ulitoka asilimia 34.9, ukaja 30.4, ukaja 25.7. Mwendo mzuri. Lakini kitabu cha baadaye kikirudia 25.7, kinakupa picha ya miaka kadhaa nyuma, na nyingi ya siku zake za ukusanyaji zilikuwa kabla korona haijafika. Andika umri huo pembeni kwa kalamu kila unapoinakili.

Ajira. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata saa moja katika wiki iliyoulizwa huhesabiwa ana kazi. Mkulima wa mwani hufanya kazi maji ya bamvu yanapokupwa, mara mbili kwa mwezi. Karani akimkuta wiki ya bamvu ana kazi, akimkuta maji mafu jibu hutegemea swali lilivyoulizwa. Kwa hiyo soma pia saa za kazi na kipato, wala usiishie kwenye asilimia ya wasio na kazi.

Hatua ya 10: Toa hukumu, kisha itumie

Chukua kalamu za rangi tatu. Kijani: tarakimu ninayoielewa ilivyohesabiwa, ya karibuni, inayolihusu swali langu. Hiyo itumie kwenye mpango, kwenye maombi, kwenye mkutano wa shehia. Manjano: inaonyesha mwelekeo lakini ni ya awali, au ya Zanzibar nzima, au ina umri. Itaje, na uitaje pamoja na kasoro yake. Nyekundu: sijui imetoka wapi. Hiyo iulizie.

Kuuliza ni sehemu ya kusoma. Taarifa za mfumko hutoka kila mwezi na za Pato la Taifa kila robo mwaka, kwa hiyo huna haja ya kusubiri kitabu cha mwaka ili ugundue jambo. Andika barua fupi kwa ofisi ya takwimu, taja jedwali na ukurasa, uliza swali moja. Nimeandika mara tatu. Mara mbili nimejibiwa vizuri na kwa heshima. Na kama swali ni kwa nini wilaya yenu haina safu yake, lipeleke kwa Mwakilishi wenu kabla ya vikao vya bajeti, vinavyofanyika kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kati ya Mei na Juni. Kitabu kinachotoka baada ya bajeti kupita kimeshapoteza nusu ya kazi yake, na hilo nalo ni la kuulizwa: kilitoka lini?

Akina mama wa ushirika wetu sasa wana daftari lao. Kila bamvu wanaandika tarehe, kilo kavu zilizopimwa, aina, bei aliyotoa mnunuzi na fedha zilizopokelewa. Kitabu cha mwaka kikitoka tunakaa nacho chini ya mwembe wa skuli, wao na daftari, mimi na kalamu zangu tatu, tunapitia jedwali la mwani mstari kwa mstari. Safu za daftari alizichora mama mkubwa mwenyewe kwa rula ya mjukuu wake, na ya kilo na ya bei ameziweka bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja.